Dhiki za Utotoni

Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilipinduka Sachangwan, kwenye barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret. Watu walikimbilia mafuta yaliyomwagika wakiwa na mitungi na ndoo, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Ambao hawakuweza kutambulika walizikwa kaburi moja. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilikuwa zimechoma nyumba nyingi upande huo wa Molo na kusukuma familia kambini. Mtoto aliyezaliwa huko 2006 huenda alipitia yote mawili kabla ya kushika kalamu. Watafiti wana jina la Kiingereza la mambo kama hayo: adverse childhood experiences. Kiswahili chetu bado kinayumba.

Magazeti hupenda “msongo wa mawazo”. Kwa mzazi aliyekabwa na karo na deni la chama, linafaa. Lakini mtoto wa miaka miwili ana mawazo gani ya kusongwa? Kinachotaabika kwanza ni mwili: ubongo unaziamuru tezi zilizo juu ya figo, kortisoli inamwagika damuni, moyo unakwenda mbio. Mtafiti Hans Selye alipoandika kuhusu mwitikio wa mwili kama huo katika jarida la Nature mwaka 1936, alikuwa amewachunguza panya. Hakuna aliyewauliza walikuwa wakiwaza nini.

Mashirika ya watoto nayo hutumia “unyanyasaji” au “ukatili dhidi ya watoto”. Hapo hutafutwa mtu wa kulaumiwa, na mara nyingi yupo. Utafiti ulioipa dhana hii umaarufu, wa Vincent Felitti, Robert Anda na wenzao mwaka 1998, uliwauliza maelfu ya watu wazima wa San Diego kuhusu utoto wao: kupigwa, kutukanwa, kudhulumiwa kingono, mama kupigwa, na kuishi na mlevi, mgonjwa wa akili au mfungwa. Kadiri majibu ya “ndiyo” yalivyozidi, ndivyo maradhi ya moyo, ulevi na majaribio ya kujiua yalivyoongezeka ukubwani. Lakini kila swali lilihusu mtoto mwenyewe au nyumba yake. Kijiji kuchomwa hakikuwamo. Shirika la Afya Duniani lilipotengeneza dodoso lake baadaye, liliongeza vita, kufukuzwa makwao na kufiwa na mzazi, mambo ambayo mtu wa Molo angeyataja kwanza.

Ndiyo maana nachagua “dhiki za utotoni”. Dhiki haimuulizi mtu nani alaumiwe. Njaa ni dhiki, moto ni dhiki, baba mkali ni dhiki. Na “msongo” ubaki kuwa jibu la mwili kwa dhiki hiyo, bila kulazimishwa kubeba mawazo. Tukichanganya hayo mawili, tunamtibu mtoto na kuiacha dhiki ilipo.

Neno dhiki linawatosha hata nyani. Huko Amboseli, ambako Jeanne Altmann na wenzake wamewafuatilia tangu 1971, Jenny Tung na wenzake walichapisha mwaka 2016 hesabu ya majike waliokumbwa na ukame utotoni, waliofiwa na mama au waliozaliwa na mama wa cheo cha chini, miongoni mwa dhiki nyingine. Waliopata dhiki tatu au zaidi waliishi takriban miaka kumi pungufu ya wale waliopata moja au kukosa kabisa. Nyani, bila shaka, havuti sigara wala hanywi chang’aa, kwa hiyo kisingizio cha tabia mbaya hakipo.

Ukiifuata barabara ya Sachangwan hadi Eldoret, utakuta machapisho ya Lukoye Atwoli, daktari wa akili, na wenzake waliochunguza kiwewe kwa mayatima wa Uasin Gishu: wanaolelewa na jamaa, walio katika makao ya watoto, na wanaolala mitaani. Kiwewe tayari ni neno letu, ila ni hali ya aliyeumia. Si kila aliyepata dhiki huwa nacho.

Limebaki neno moja linalonisumbua: la kuitaja jumla ya majibu ya “ndiyo”. Wengine huiita “alama”. Kwa Mkenya alama ni za mtihani, na mtihani hupanga watoto kuanzia wa kwanza hadi wa mkia. Anda mwenyewe alionya mwaka 2020 kwamba jumla hiyo ni kipimo cha afya ya umma, haifai kumpimia mtu mmoja mmoja hatari inayomkabili. Tuseme “idadi ya dhiki” basi, na alama tuwaachie walimu.