Kilichoandikwa na Kilichougua: Historia Fupi ya Ankara ya Hospitali

Mwaka jana mjomba wangu, mzee wa Buyenzi aliyestaafu udereva katika kampuni moja hapa Bujumbura, alifanyiwa kolonoskopi, yaani kipimo cha kutazama utumbo mpana kwa mpira mwembamba wenye kamera. Daktari aliona kinyama kidogo, polipu, akakiondoa papo hapo. Tulimshukuru Mungu. Taabu ilianzia kwenye dirisha la malipo. Ankara iliandikwa "maumivu ya tumbo" na "kipimo" tu. Bima yake ikairudisha, kwa kuwa hailipii kazi ambayo haikuandikwa. Mjomba akaniuliza, "Mwanangu, kwani mimi nimeumwa nini?"

Katika insha hii najaribu kumjibu kwa njia ya historia. Hoja yangu ni kwamba jina la ugonjwa kwenye karatasi limekuwa, hatua kwa hatua, mlango wa malipo, na asiyeandikwa vizuri hubaki nje.

Orodha ya kimataifa ya magonjwa ilianza kwa kuhesabu wafu. Mwaka 1893, mjini Chicago, Mfaransa Jacques Bertillon aliwasilisha orodha ya sababu za vifo ili nchi ziweze kulinganisha takwimu zao. Mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani lilichukua jukumu hilo, na toleo la sita likaingiza pia magonjwa ya watu walio hai. Hatua hiyo ni kubwa kwa mada yetu, kwa sababu polipu yenyewe haiui. Huua ile iliyogeuka saratani baada ya miaka. Orodha ya wafu isingeweza kuiona mapema.

Vifaa navyo vilichelewa. Ni mwaka 1969, New York, ambapo William Wolff na Hiromi Shinya walianza kuondoa polipu kwa kolonoskopi bila kupasua tumbo. Katika toleo la kumi la orodha, lililopitishwa mwaka 1990, polipu ya utumbo mpana ni K63.5. Maabara ikikuta ni adenoma, inahamia kundi la D12. Ikiwa ni saratani ya utumbo mpana, ni C18. Kinyama kilekile, namba tatu, na kila namba ina tiba na malipo yake.

Kwetu Afrika Mashariki, Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1971 kwamba saratani ya utumbo mpana ni nadra kwa Waafrika, akaihusisha tofauti hiyo na vyakula vyenye nyuzinyuzi. Hoja yake ilitegemea kumbukumbu za hospitali. Mwanafunzi wa historia lazima aulize: wangapi walipimwa, na nani aliandika?

Hapa Burundi, karatasi ya hospitali ina uzito wa pekee. Mfuko wa bima wa watumishi wa serikali ulianzishwa mwaka 1980, na kadi ya matibabu kwa wananchi wengine ikafuata mwaka 1984. Kisha vita vikaja. Mwaka 2002 serikali ilianza kumtaka mgonjwa alipe gharama zake. Tarehe 1 Mei 2006 Rais Pierre Nkurunziza alitangaza matibabu ya bure kwa watoto chini ya miaka mitano na kwa akina mama wanaojifungua. Septemba mwaka huohuo, Human Rights Watch na APRODH walitoa ripoti kuhusu wagonjwa maskini waliozuiliwa hospitalini kwa sababu ya deni. Tangazo lile liliokoa wengi, lakini mzee mwenye polipu si mtoto wala mzazi. Kinga yake ni bima, na bima husoma karatasi.

Tulirudi hospitali mara tatu. Daktari aliandika upya: polipu imeondolewa, maabara imethibitisha adenoma. Bima ikalipa sehemu yake. Lakini fedha ilikuwa nusu ya jambo. Aliyeondolewa adenoma hutakiwa kurudi kupimwa, na jalada lenye "maumivu ya tumbo" lisingemkumbusha yeyote.

Sasa mjomba ameihifadhi karatasi ile pamoja na kitambulisho chake. Nilipomsomea insha hii, alisema neno moja tu: "Waambie wenzako wanaosomea udaktari waandike."