Kwadikopta ya Kwanza: Historia Iliyojificha Ndani ya Vipuri

Tangu nitaje kwamba naunda droni yangu mwenyewe, swali ninaloulizwa zaidi ni moja tu: ninunue vipuri gani? Nimejaribu kujibu kwa orodha na nikaona orodha haisaidii. Mtu huipeleka Luthuli Avenue, kipuri kimoja kinakosekana, muuzaji anampa "kinachofanana nacho", na hapo amekwama kwa sababu hajui kile cha kwanza kilikuwa na kazi gani. Kwa hivyo leo nitapitia njia ndefu kidogo, njia ya historia. Kila kipuri kilichoko mezani pangu kiko hapo kwa sababu ya tatizo lililowashinda waliotutangulia. Ukilijua tatizo, utajua pesa zako uziweke wapi na wapi ubane.

Wengi hudhani kwadikopta, yaani chombo cha kuruka chenye rafadha nne, ni uvumbuzi wa juzi wa Wachina au wa vijana wa Kalifornia. La hasha! Ni ya zamani kuliko Koloni ya Kenya yenyewe, ambayo ilitangazwa mwaka 1920.

Mwaka 1907, mjini Douai kaskazini mwa Ufaransa, ndugu Louis na Jacques Breguet wakishirikiana na Profesa Charles Richet (ndiye yule tabibu aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1913) walitengeneza mtambo wenye mikono minne mirefu, injini moja ya petroli katikati, na rafadha kubwa kwenye ncha ya kila mkono. Ulinyanyuka kama sentimita 60 kutoka ardhini ukiwa na mtu ndani. Lakini ngoja usikie sehemu tamu: watu wanne walisimama chini, kila mmoja akishikilia mkono mmoja wa mtambo ili usipinduke. Hawakuusaidia kupanda, kwani nguvu ya kupanda ilikuwepo tayari. Kilichokosekana ni mizani.

Naomba uwakumbuke hao watu wanne, maana makala yote hii ni hadithi ya jinsi walivyopata wa kuwabadilisha.

Baada yao akaja George de Bothezat, mhandisi aliyekimbia mapinduzi ya Urusi akaishia Marekani. Jeshi la huko lilimpa pesa na karakana katika uwanja wa McCook, Dayton, Ohio. Tarehe 18 Desemba 1922 mtambo wake wa rafadha nne, kila moja ikiwa na mapanga sita, ulipaa kama mita 1.8 na kukaa hewani dakika 1 na sekunde 42. Uliruka mara nyingi baadaye, ukabeba hata abiria, lakini kuuongoza kulimchosha rubani vibaya sana na haukufika juu. Jeshi likaufunga mradi. Kule Ufaransa, Étienne Oehmichen naye alikuwa na wake, na tarehe 4 Mei 1924 alizunguka njia ya kilomita moja na kurudi alikoanzia kwa dakika 7 na sekunde 40. Ili kuuweka sawa alilazimika kuongeza rafadha ndogo nane juu ya zile nne kubwa. Hesabu mwenyewe: rafadha kumi na mbili, injini moja, na rubani mmoja mwenye mikono miwili!

Si ajabu basi kwamba wahandisi waliikimbia njia hii. Igor Sikorsky alipourusha VS-300 mwaka 1939 akiwa na rafadha moja kubwa juu na ndogo mkiani, helikopta ikawa hivyo mpaka leo. Rafadha nne zikabaki kuwa kichekesho cha makumbusho, ingawa wachache walijaribu tena miaka ya 1950.

Sasa nije kwenye jambo lililonikosesha usingizi. Mwaka huohuo wa 1922, huko huko Marekani, Mrusi mwingine aliyehama nchi, Nicolas Minorsky, alichapisha hesabu za jinsi ya kuifanya meli ijiongoze yenyewe bila mshika usukani. Alikuwa amewatazama washika usukani hodari, akaona hawageuzi usukani kwa kuangalia tu meli imepotoka kiasi gani. Huangalia pia imekuwa ikipotoka kwa muda gani, na inapotoka kwa kasi gani. Nahodha yeyote wa jahazi la Lamu angemwelewa mara moja. Mambo hayo matatu ndiyo leo tunayaita PID, na ndiyo yaliyomo ndani ya kila droni duniani. Yaani ugonjwa na dawa vilizaliwa nchi moja, mwaka mmoja, na havikukutana. Hata vingekutana visingefaa kitu: dawa ilihitaji jicho la kuona mwinamo, ubongo wa kupiga hesabu upesi, na mkono wa kubadilisha mwendo wa rafadha kufumba na kufumbua. Vyote vitatu havikuwepo.

Chuoni PID tulifundishwa kwa herufi za Kigiriki ubaoni, nikaikariri nikapita mtihani, nikaisahau. Ukitaka kuielewa mtazame mama anayetembea na mtungi wa maji kichwani. Mtungi ukiegemea kidogo, shingo inarekebisha kidogo. Ukiegemea sana, sana. Hilo ni la kwanza. Kukiwa na upepo unaousukuma upande mmoja muda wote, mwili unajifunza kuegemea upande wa pili bila kufikiri. Hilo ni la pili. Na mtungi ukianza kurudi katikati kwa kasi, shingo inaanza kuuzuia kabla haujafika, la sivyo utapita upande wa pili. Hilo ni la tatu. Basi, umehitimu :-)

Haya, tuingie kwenye vipuri.

Jicho kwanza. Mwaka 1990 ungetaka jairoskopu ya kuweka kwenye chombo kidogo, ungekuwa unazungumzia kifaa cha gharama na uzito. Kilichobadilisha mambo ni sensa zinazochongwa kwenye silikoni, na waliolipia maendeleo yake hawakuwa watu wa ndege kamwe. Sensa za mwendokasi zilisukumwa na mifuko ya hewa ya magari miaka ya 1990. Jairoskopu zikasukumwa na michezo ya kompyuta na simu: Nintendo ilitoa kiongezo cha Wii MotionPlus mwaka 2009, na iPhone 4 ikaja na jairoskopu mwaka 2010. Watu wakaona nafasi hapo. Mfaransa mmoja, Alexandre Dubus, alikifungua kile kiongezo cha Nintendo, akakiunganisha na bodi ya Arduino na kuandika programu ya kuruka. Ndiyo maana programu hiyo inaitwa MultiWii. Mwanasesere wa watoto ukawa sikio la ndani la droni!

Ubongo nao una historia yake. Arduino ilizaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, kwa ajili ya wanafunzi wa usanifu ambao hawakuwa wahandisi. Chipu yake ya ATmega328 ina kumbukumbu ya kilobaiti 2 tu. Picha moja uliyopiga kwa simu yako asubuhi haiwezi kuingia humo hata robo. Na bado MultiWii huzungusha hesabu zake zote, kusoma sensa, kukadiria mwinamo, kupiga PID na kutuma amri kwa mota nne, kwa muda wa kama mikrosekunde 3,000. Hiyo ni zaidi ya mara 300 kwa sekunde. Hao ndio watu wanne wa Douai, wamekaa ndani ya kilobaiti 2.

Mimi nilichagua bodi ya aina hii makusudi, ingawa leo kuna bodi za kisasa zenye nguvu mara nyingi zaidi zinazoendesha Betaflight au ArduPilot. Ukitaka kuruka tu, chukua hizo na usinisikilize. Ukitaka kuelewa, MultiWii ina msimbo ambao mtu mmoja anaweza kuusoma wikendi moja akaumaliza. Wala si lazima kuchana kifaa cha Nintendo tena. Sensa ya MPU-6050 ina jairoskopu na kipima mwendokasi pamoja, kubwa kama ukucha.

Mkono sasa, na hapa ndipo ninapowaona watu wakibana pesa mahali pasipofaa. De Bothezat alikuwa na injini moja na alibadilisha pembe za mapanga kwa fito na gia. Sisi tuna mota nne na tunabadilisha mwendo tu. Hilo liliwezekana kwa sababu ya sumaku za neodimiamu, zilizovumbuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na Masato Sagawa huko Japani na, mbali naye, na watafiti wa General Motors. Sumaku ndogo, nguvu kubwa, mota isiyo na brashi za kuchakaa. Na udogo wenyewe ni dawa: rafadha nyepesi ya inchi 10 unaweza kuiharakisha na kuipunguza mara nyingi kwa sekunde. Rafadha ya mita kadhaa, thubutu.

Namba zilizoandikwa kwenye mota zisikutishe. Yangu ni 2212 920KV. Maana yake kiini cha nyaya kina kipenyo cha milimita 22 na kimo cha milimita 12, na kila volti moja inaipa mizunguko 920 kwa dakika kabla haijabeba mzigo. Kwa betri ya volti 11.1 hiyo ni zaidi ya mizunguko 10,000. Hesabu ya uzito ni rahisi pia: chombo changu kizima kina kama kilo 1, nataka nguvu ya kunyanyua maradufu ya hapo, basi kila mota isipungue gramu 500. Mota hizi na rafadha ya inchi 10 zinavuka hapo bila shida. Mbili zinazunguka kama saa na mbili kinyume, ili mizunguko ifutane na chombo kisijizungushe kama pia. Mota ikizunguka upande usiotakiwa, badilisha waya wowote wawili kati ya mitatu.

Katikati ya ubongo na mota kuna kidhibiti mwendo, na kipuri hiki ndicho usikibane. Vya zamani vilitengenezwa kwa ndege ndogo za kuchezea, vikapokea amri mara 50 tu kwa sekunde na tena vikazilainisha ili mota isishtuke. Kwa ndege yenye mabawa ni sawa kabisa. Kwa kwadikopta ni sawa na kumfunga yule mama wa mtungi shingo. Jamaa aitwaye Simon Kirby aliandika programu mbadala ya vidhibiti hivyo, akaondoa ulainishaji huo na kuruhusu amri mamia kwa sekunde, na mashine zilizokuwa zikitikisika kama mlevi zikatulia. Kwa hiyo dukani usiulize amperi peke yake. Uliza kidhibiti kina programu gani.

Fremu? Ukweli ni kwamba fremu haina maana sana. Muundo wa F450 wa kampuni ya DJI una gramu 282 na sentimita 45 kutoka mota hadi mota ya upande wa pili, na nakala zake ziko kila mahali. Mbao nyepesi pia zinafaa ukizikata sawasawa. Watu hutumia wiki mbili wakichagua rangi ya fremu na dakika mbili wakichagua betri, na betri ndiyo inayoweza kuchoma nyumba.

Sony iliuza betri za lithiamu-ioni kwa mara ya kwanza mwaka 1991, na ndugu zao wa LiPo ndio tunaowatumia. Seli moja ikijaa ni volti 4.2 na haitakiwi kuzidi hapo. Usiichaji ukiwa umelala, usiichaji ikiwa imevimba, na sisi tunaokaa ghorofani tuiweke kwenye chombo kisichoshika moto, mbali na mapazia. Betri yangu ya miliampia-saa 2,200 inanipa dakika 8 au 9. Oehmichen na dakika zake 7 na sekunde 40 angetabasamu. Na tafadhali, unapojaribu mota juu ya meza, rafadha ziwe zimetolewa. Zote nne. Zinakata vidole bila kuuliza jina.

Jambo la mwisho linawahusu walioko Kenya. Kanuni za mwaka 2020 za vyombo vya angani visivyo na rubani zinataka uwe na kibali cha Mamlaka ya Safari za Anga, yaani KCAA, kabla ya kuingiza chombo au vipuri vyake nchini, na chombo kisajiliwe kabla ya kuruka. Kwa hiyo mpangilio ni kibali kwanza, kuagiza baadaye. Nimewasikia wengi waliogeuza mpangilio huo, na vifurushi vyao viliishia forodhani.

Makala ijayo nitafungua faili la PID lenyewe la MultiWii, mstari kwa mstari. Aliye na Arduino kabatini aitoe vumbi.