Ukwasi wa Mpakani Haukujengwa na Mtu Mmoja

Riwaya nyingi za koo zilizotoka ufukarani hadi kwenye ukwasi hufuata mkondo mmoja. Kijana maskini anaondoka kwao mikono mitupu, anahangaika ugenini, bahati inamwangukia, na mwishowe wajukuu wanagombania alichokiacha. Ni mkondo unaopendeza, lakini ukiuleta Lunyo, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, na katika nchi yote inayoanzia mwambao wa Ziwa Victoria ikapita Busia hadi Tororo, unaficha jambo kubwa. Historia ya eneo hili inaonyesha kwamba waliopanda hawakupandishwa na ushujaa wa mtu mmoja. Walikuwa na ndugu, wakwe na marafiki pande zote mbili za mpaka, na kila kizazi kilijua kugeuza urithi wake uwe kitu kingine: chuma kikawa ng'ombe, ng'ombe wakawa karo, karo ikazaa kazi ya mshahara. Anayetaka kuandika saga ya kweli ya mpakani hana budi kuufanya ukoo wenyewe mhusika mkuu.

Tuanze na chuma. Kabla ya ukoloni, vilima vya Samia vilisifika kwa wahunzi wake. Mawe yenye chuma yalikusanywa vilimani, yakayeyushwa kwa makaa katika tanuri huku mivukuto ikipulizwa bila kukoma, kisha donge lililopatikana likapigwa na kupigwa tena hadi likawa jembe. Jembe hilo lililima, na pia lilioa. Lilihesabiwa katika mahari, likapelekwa kwa Wasoga na kwa Wajaluo, likarudi nyumbani kama mbuzi, ng'ombe au nafaka. Kazi yote hiyo ilidai watu wengi: wa kuchoma makaa, wa kubeba mawe, wa kuvukuta, wa kufua, na wa kwenda mbali kuuza. Aliyekuwa na ujuzi lakini hana watu hakuweza kuwasha tanuri. Na kila binti aliyeolewa ng'ambo ya Mto Sio alifungua njia, kwa kuwa mfanyabiashara anayefikia kwa wakwe zake analala salama na anaaminiwa kwa mkopo. Mtaji wa kwanza wa eneo hili, basi, ulikuwa ujamaa.

Kisha ukaja mpaka. Tarehe 1 Aprili 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa katika himaya iliyokuja kuwa Kenya, sababu kubwa ikiwa ni kuiweka chini ya utawala mmoja reli iliyokuwa imefika Kisumu mwishoni mwa 1901. Amri ya mwaka 1926 ikaupa mstari huo nguvu ya sheria, na Mto Sio ukawa sehemu yake. Wasamia wakagawanywa, na Wateso pia. Wakati huohuo majembe ya viwandani kutoka ng'ambo yaliushusha uhunzi thamani, na kodi ikadai fedha taslimu. Jibu lililotolewa na serikali lilikuwa pamba, iliyoletwa Uganda mwaka 1903 na kuenea mashariki hadi Bukedi, wilaya iliyojumuisha Tororo na Busia ya Uganda. Pamba iliwapa wakulima fedha, lakini kwa kipimo. Kuanzia 1908 serikali ya Uganda ilipiga marufuku vinu vya mkono vya kuchambulia, na biashara ya kuchambua ikabaki kwa wenye viwanda, wengi wao Wahindi na Wazungu. Mkulima alilima, akapalilia, akachuma, akapokea bei ya pamba ghafi. Faida kubwa ilianzia pale yeye alipoishia. Koo zilizotaka kupanda zililazimika kutafuta ngazi nyingine.

Ngazi hiyo ilikuwa shule, na hapo ndipo ukoo wa Awori unapotoa ushahidi. Kanisa la Kianglikana la Nyanza, upande wa Kenya, lilikuwa chini ya dayosisi ya Uganda hadi 1921, yaani kwa karibu miaka ishirini baada ya mstari kuchorwa, walimu wa dini na vitabu viliendelea kupita kana kwamba haupo. Katika mazingira hayo Jeremiah Musungu Awori, Msamia, alikuja kuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kupewa ukasisi wa Kianglikana magharibi mwa Kenya. Mkewe, Mariamu, alikuwa muuguzi na mwalimu wa jamii. Watoto wao walikuwa zaidi ya kumi, na wazazi hawakuwarithisha mashamba makubwa wala maduka, waliwarithisha kalamu. W.W.W. Awori akawa mwanahabari, mweka hazina wa chama cha Kenya African Union (KAU), na mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Nelson akawa profesa wa upasuaji. Mary Okelo akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kusimamia tawi la benki ya Barclays nchini Kenya mwaka 1977, kisha akaanzisha shule za Makini. Aggrey, aliyekimbia mbio za kuruka viunzi katika Olimpiki kwa niaba ya Uganda, aligombea urais wa Uganda mwaka 2001. Moody, mbunge wa Funyula kwa zaidi ya miaka ishirini, aliteuliwa Makamu wa Rais wa Kenya mwezi Septemba 2003. Nyumba moja ilitoa mgombea wa ikulu ya nchi moja na makamu wa rais wa nchi jirani, tena katika muda usiozidi miaka mitatu. Mpaka uliowagawa Wasamia ukawa kwao uwanja mpana zaidi.

Kuna atakayesema kwamba Uganda imeona pia matajiri waliojijenga wenyewe. Atamtaja Nanji Kalidas Mehta, aliyekuja Afrika Mashariki kutoka India akiwa kijana mdogo mwanzoni mwa karne ya 20, akafanya biashara ya pamba, kisha akajenga kiwanda cha sukari Lugazi. Lakini wafanyabiashara kama yeye walitanguliwa na kufuatwa na jamaa, walikopeshana bidhaa, wakaajiri vijana wa jamii yao madukani. Mfano wake unathibitisha hoja hii, kwa kuwa nyuma ya jina moja mlangoni kulikuwa na mtandao wa watu walioaminiana. Mwingine atataja magendo ya miaka ya 1970. Idi Amin aliwafukuza Wahindi mwaka 1972, biashara ya Uganda ikaporomoka. Baridi kali iliyounguza mibuni ya Brazil mwaka 1975 ikapandisha bei ya kahawa duniani, na magunia ya Uganda yakavushwa Kenya usiku. Wamugunda Geteria aliandika riwaya juu ya kahawa hiyo ya magendo iliyopitia Chepkube, mpakani. Wapo waliopata fedha nyingi kwa misimu michache. Hata hivyo kuvusha gunia kulihitaji jamaa wa ng'ambo, na fedha iliyopatikana haikujenga ukoo mpaka ilipogeuzwa kuwa ardhi, duka au karo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kusifu koo zilizopanda ni kuwasahau walio wengi. Hilo ni kweli, na saga yoyote isiyolikiri itakuwa ya uongo. Malale yaliua watu wengi mno kwenye mwambao wa ziwa mwanzoni mwa karne iliyopita, na zipo familia ambazo hazikubakiwa na mtu wa kuvukuta wala wa kwenda shule. Mwezi Januari 1960 wananchi wa Bukedi waliwavamia machifu kwa hasira ya kodi iliyokadiriwa kwa upendeleo, na damu ikamwagika. Wakati huo tayari palikuwa na nyumba zenye bati na watoto sekondari, na jirani zao waliouza mbuzi wa mwisho kulipa kodi. Lakini ukweli huu hauiangushi hoja yangu. Unaieleza. Ikiwa kupanda kulitegemea watu, basi aliyeporwa watu wake na maradhi, au aliyekuwa nje ya ukoo wa chifu, ndiye aliyebaki chini, hata angekuwa na bidii ya mchwa. Hadithi ya shujaa mmoja ingemlaumu kwa uvivu. Historia inamtetea.

Kwa hiyo naamini saga kubwa ya Busia na Tororo bado inasubiri mwandishi, na naamini inastahili kuandikwa kwa Kiswahili, lugha ya soko la pande zote mbili. Ianzie kwenye tanuri na kupitia mizani ya pamba. Iwape nafasi akina mama waliouza nafaka ili mtoto asifukuzwe shule, na mabinti walioolewa ng'ambo wakawa daraja la biashara. Ihesabu pia gharama: nani alikaa nyumbani kuchunga ili mwingine asome, na nani aliyekuja kulipwa baadaye, na nani asiyelipwa kamwe. Hilo la mwisho ndilo deni ambalo koo zilizopanda bado zinadaiwa, na riwaya itakayolitaja bayana itakuwa imesema kweli juu ya utajiri kuliko hadithi yoyote ya bahati.