Sofala na Beira: Bandari Zinazopigana na Mchanga

Ninyi wanajeshi na askari polisi mlioko kambini, mipakani na katika doria: tunapozungumza juu ya ulinzi wa bandari, fikra zetu huenda moja kwa moja kwenye bunduki, malango na boti za doria. Ni haki iwe hivyo. Lakini historia ya jirani yetu wa kusini, Msumbiji, yatufundisha kwamba bandari yaweza kulindwa usiku na mchana dhidi ya kila adui mwenye silaha, na bado ikafa. Mchanga na tope vyaweza kuiziba njia ya meli bila ya risasi hata moja kulia.

Tuanze na Sofala. Mji huu ulikuwa kusini kidogo ya mahali ulipo mji wa Beira leo. Tangu karne ya 10 mwandishi Mwarabu al-Masudi aliitaja nchi ya Sofala kuwa ni nchi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilitoka bara, katika nyanda za juu za Zimbabwe, ikateremshwa pwani na kupakiwa majahazini kuelekea kaskazini. Kwa muda mrefu masultani wa Kilwa, hapa kwetu, ndio waliokuwa na mamlaka juu ya biashara hiyo. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliisikia habari ya Sofala na dhahabu yake. Majumba ya mawe ambayo magofu yake yasimama Kilwa Kisiwani hadi leo yalijengwa, kwa sehemu kubwa, kwa faida ya biashara hiyo.

Wareno walipoingia katika Bahari ya Hindi waliitamani Sofala kabla ya miji mingine mingi. Mwaka 1505 Pêro de Anaia alifika na meli zake, akapata ruhusa ya sheikh wa mji, Yusuf, kujenga ngome. Mwaka uliofuata yalizuka mapigano na sheikh akauawa. Hivyo Wareno waliushika mji kwa nguvu. Lakini bahari hawakuweza kuishika. Mlango wa Sofala ulikuwa umejaa mafungu ya mchanga yanayohamahama, na meli kubwa ziliingia kwa mashaka makubwa. Haukupita muda mrefu Wareno wakahamishia nguvu zao Kisiwa cha Msumbiji, penye maji ya kina, na huko mwaka 1558 wakaanza kujenga ngome kubwa zaidi. Ngome ya Sofala ilibaki ikiliwa na bahari hata ikaanguka. Baadhi ya mawe yake yalichukuliwa kujenga kanisa kuu la Beira mwanzoni mwa karne ya 20, na mahali iliposimama pamemezwa na maji.

Wapo watakaouliza: mchanga, ambao mtoto huuchezea ufukoni, wapata wapi nguvu ya kuushinda mji? Jibu ni kwamba mchanga hauna nguvu yake wenyewe. Wachukuliwa na mawimbi, na wachukuliwa na maji kujaa na kupwa.

Wimbi mara nyingi haliufikii ufuko likiwa limenyooka. Huja mshazari, kwa kufuata upepo ulioliumba, uwe wa kusi au wa kaskazi. Linapovunjika hupandisha mchanga ufukoni kwa mshazari huohuo. Kisha maji hurudi baharini moja kwa moja kwa kufuata mteremko. Basi chembe ya mchanga hupanda upande, hushuka wima, hupanda tena upande, na kila mara hujikuta imesogea hatua moja mbele ya pale ilipokuwa. Wimbi moja ni jambo dogo. Lakini mawimbi hayalali. Kwa mwaka mzima ufuko mmoja waweza kupitisha mchanga wa kujaza maelfu ya malori, wakati mtu anayeutazama kila siku adhani ni mchanga uleule. Kwa hiyo ufuko ulio mzima ni kama barabara: unabaki palepale kwa sababu mchanga unaotoka waletewa badali yake na mchanga unaoingia.

Maji kujaa na kupwa nayo yana kazi yake. Katika milango ya mito, maji yanapojaa huingia kwa kasi na kusukuma mchanga ndani. Yanapopwa hutoka pamoja na maji ya mto na kuutoa nje. Nguvu hizi mbili si sawa, na pale moja inapoizidi nyingine, mafungu ya mchanga huota. Tena, tope laini la mto likikutana na maji ya chumvi chembe zake hugandana, zikawa nzito, zikazama. Saa ile ambapo maji hutulia kati ya kujaa na kupwa, tope hilo hulala chini kwenye kina, yaani palepale meli zinapotaka kupita.

Sasa tuitazame Beira. Mji huu ulianzishwa na Wareno mwaka 1887 kwenye mlango wa mto Púngoè, na karibu yake mto Buzi nao humwaga maji yake. Mito yote miwili hushuka na tope kutoka bara. Mbele ya mji pana uwanda mpana wa bahari isiyo na kina, uendao zaidi ya kilometa 100 kabla ya kufika kwenye kilindi. Maji yanayopita juu ya uwanda huo hubanwa na kuinuka, na ndiyo maana wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hapo Beira hukaribia mita 7, kiasi kikubwa sana kwa pwani yetu ya Afrika Mashariki. Maji ya namna hiyo yana mkondo wenye nguvu, na mkondo wenye nguvu husafirisha mchanga mwingi.

Kwa nini basi mji uliwekwa hapo? Kwa sababu ndiyo njia fupi ya kwenda bara. Reli kutoka Beira ilifika Umtali, yaani Mutare ya leo, mwaka 1898. Zimbabwe, Malawi na Zambia, nchi zisizo na bahari, zote zikapata mlango hapo. Na mlango wa watu wengi hugombewa na wengi. Kuanzia mwaka 1966 hadi 1975 manowari za Uingereza zilipiga doria mbele ya Beira kuzuia mafuta yasiufikie utawala wa Ian Smith. Machi 1976 Msumbiji huru iliufunga mpaka wake na Rhodesia, ingawa kufanya hivyo kuliigharimu mapato makubwa. Desemba 1982 makomandoo wa Afrika Kusini ya makaburu walilipua matangi ya mafuta mjini Beira. Katika miaka hiyo reli ya kilometa 317 kati ya Beira na Machipanda ilishambuliwa tena na tena, na askari wa Zimbabwe walisimama pamoja na wenzao wa Msumbiji kuilinda. Wanajeshi wetu wa Tanzania nao walitumikia katika jimbo la Zambezia, kaskazini ya hapo. Baadhi ya wale vijana hawakurudi makwao.

Lakini wakati askari walipokuwa wakimwaga damu kuilinda reli, kule mwisho wa reli kina cha maji kilikuwa kikipungua. Njia ya meli ya Beira, iitwayo mfereji wa Macuti, haidumu isipochimbuliwa. Katika miaka ya vita fedha na vyombo vya kuchimbua vilipungua, na meli kubwa zililazimika kungoja maji yajae ndipo ziingie. Amani ilipatikana kwa mapatano ya Roma ya tarehe 4 Oktoba 1992. Mchanga haukutia sahihi. Mwaka 2011 ilimalizika kazi kubwa ya kuurudishia mfereji huo kina chake, na tangu hapo uchimbuaji umekuwa kazi isiyo na mwisho.

Jambo la ajabu ni kwamba mji huohuo ambao bandari yake yasumbuliwa na wingi wa mchanga, fukwe zake zasumbuliwa na uhaba wa mchanga. Kuta fupi zilizojengwa kuingia baharini huudaka mchanga upande mmoja, lakini upande wa pili ufuko hunyimwa riziki yake na bahari hula nchi kavu. Mbali zaidi, mabwawa ya Kariba na Cahora Bassa katika mto Zambezi, lililofungwa la kwanza mwaka 1958 na la pili 1974, huzuia mchanga ambao zamani ungeshuka hadi pwani. Na mikoko inapokatwa kwa kuni na nguo za majengo, tope lililoshikwa na mizizi yake huachiwa huru.

Gharama yake ilionekana usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Machi 2019, kimbunga Idai kilipoipiga Beira. Watu zaidi ya 600 walikufa katika Msumbiji peke yake. Hata hivyo, usiku ule mwezi ulikuwa nusu, na maji yalikuwa maji mafu. Kama kimbunga kingefika juma moja baadaye, wakati wa bamvua, bahari ingeuingia mji ikiwa juu zaidi kwa mita kadhaa. Mji hauwezi kujengewa ulinzi wake juu ya bahati kama hiyo.

Ndugu wasikilizaji, habari hii yatuhusu. Hapa kwetu Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, bahari imekula ufuko na majengo, na moja ya sababu ni mchanga kuchimbwa katika vijito ambavyo kazi yake ni kuulisha ufuko huo. Lori linalotoka usiku na mchanga wa mtoni, na mashua inayotoka na shehena ya mikoko bila kibali, huonekana kuwa makosa madogo mbele ya magendo ya pembe au ya dawa za kulevya. Askari anayelisimamisha lori hilo aelewe kwamba anasimama zamu kwenye ukuta wa bandari. Sofala ilikuwa na dhahabu, ikawa na ngome na mizinga, na hakuna hata kimoja kilichoiokoa. Beira ingali hai kwa sababu kila mwaka watu wake huamka na kuuchimbua mchanga uleule. Ulinzi wa namna hiyo hauna siku ya ushindi, na kwa hiyo hauna siku ya kupumzika.