Nambari ya ofisi isiyo na simu mezani: Jinsi ya kuielekeza kwenye rununu

MKULIMA wa Othaya anapopigia ofisi iliyoko mjini Nyeri na kuomba aunganishwe na afisa wa nyanjani, huenda afisa huyo hana simu mezani, wala hata meza hana. Hata hivyo, akiwa na nambari yake ya ndani katika ofisi hiyo, yaweza kumfikia akiwa Mukurwe-ini, Karatina au Nanyuki.

Nambari ya ndani, ambayo wengi huiita ekstensheni, si kifaa. Ni nafasi iliyosajiliwa katika mtambo wa simu wa ofisi, na mtambo huo ndio unaoamua simu inayoingia ipelekwe wapi.

Katika enzi za Shirika la Posta na Simu la Kenya, lililogawanywa mwaka 1999 na kuzaa Telkom Kenya, nambari ya ndani kwa kawaida ilikuwa na waya wake hadi kwenye mtambo. Aliyetaka simu zimfuate alibonyeza tarakimu za amri kwenye simu yake mwenyewe. Asiyekuwa na simu hakuwa na pa kubonyezea, na ujumbe wake uliandikwa na mpokezi kwenye karatasi.

Mitambo inayoendeshwa kwa programu za tarakilishi ilibadilisha hali hiyo. Mojawapo ni Asterisk, iliyobuniwa na Mark Spencer wa Marekani mwaka 1999, ambayo hupatikana bila malipo. Kwa mitambo hiyo, msimamizi hufungua nambari, tuseme 214, bila kuiunganisha na kifaa chochote, kisha akaiandikia kanuni ya kuelekeza simu.

Kanuni hizo kwa kawaida ni nne: kuelekeza simu zote, kuelekeza laini inapokuwa na shughuli, kuelekeza isipojibiwa, na kuelekeza isipopatikana.

Hapa ndipo wengi hukosea. Nambari isiyo na kifaa haiwezi kulia, kwa hivyo kanuni ya "isipojibiwa" huenda isitekelezwe kamwe, na anayepiga akakatiwa. Kanuni inayofaa ni ya simu zote, au ya nambari isiyopatikana.

Kanuni yenyewe sharti iwekwe ndani ya mtambo. Nambari ya rununu nayo iandikwe jinsi ambavyo ingepigwa kutoka ofisini. Ikiwa wafanyakazi hubonyeza 9 kwanza ili kupata laini ya nje, basi 9 hiyo itangulie. Aidha, nambari 214 iwe na idhini ya kupiga nje, la sivyo mtambo utaikataa.

<b>Nani hulipa?</b>

Simu iliyoelekezwa huwa na safari mbili. Mkulima hulipia ile ya kutoka kwake hadi ofisini, nayo ofisi hulipia ile ya kutoka kwenye mtambo hadi rununu ya afisa.

Katika ofisi inayotumia laini za waya, kila simu ya aina hiyo hushika laini mbili kwa wakati mmoja. Ofisi yenye laini nne hujaa kwa simu mbili tu, na anayepiga wa tatu hukuta laini zina shughuli.

Tatizo jingine ni mabonde ya Aberdare na misitu ya Mlima Kenya, ambako mawimbi ya rununu hupotea. Afisa akiwa huko, mkulima husikia kwamba mteja hapatikani, au huangukia sanduku la sauti la rununu, ambalo mtambo hulihesabu kuwa jibu.

Dawa yake ni kuutaka mtambo umwombe afisa abonyeze 1 kabla ya kuunganishwa. Asipobonyeza katika muda uliowekwa, kwa mfano sekunde 20, simu hurejeshwa kwa mpokezi. Njia hiyo hufanya kazi vyema zaidi kwenye laini za mtandao, kwa kuwa laini nyingi za waya haziuelezi mtambo kama simu imejibiwa au bado inalia.

<b>Usalama</b>

Nambari isiyo na kifaa haina wa kuichunga kila siku. Wahalifu wanaobahatisha nambari ya siri nyepesi, kama vile 1234, huweza kuielekeza kwenye nambari za ng'ambo zenye ada kubwa, na bili ikaangukia ofisi. Ni heri kuzuia simu za kimataifa kwa nambari hizo zote.

Vilevile, afisa anapohamishwa au kuacha kazi, kanuni yake haifutiki yenyewe. Wakulima au wagonjwa huendelea kumweleza siri zao mtu asiye tena mhudumu wao, jambo lisilopatana na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Yafaa orodha ya nambari zilizoelekezwa ipitiwe kila mwezi.

Baada ya kuweka kanuni, msimamizi apige kutoka nje ya ofisi, kwa rununu, ili asikie kile atakachosikia mkulima. Jaribio la kutoka ndani ya ofisi halitoshi, kwani simu za ndani huweza kufuata njia tofauti.