Wageni Waliopokewa



Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, mlango wa 17, twasoma habari za nabii Eliya wakati wa njaa. Mungu hakumpeleka kwa Mwisraeli mwenzake. Alimpeleka Sarepta, katika nchi ya Sidoni, kwa mjane wa taifa jingine, na mjane huyo ndiye aliyemlisha. Jambo linalofanana na hilo lilitendeka hapa kwetu Pwani.

Mwaka 1844 alifika Unguja Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza, yaani CMS. Mtawala wa Unguja na Mombasa alikuwa Sayyid Said, Mwislamu. Alijua wazi kwamba mgeni huyu amekuja kuhubiri dini nyingine, lakini alimwandikia barua ya kuwataka maliwali wake wamtendee mema. Ni kweli kwamba Sultani alihitaji pia urafiki wa Waingereza. Hata hivyo mlango ulifunguliwa, na aliyeufungua hakuwa Mkristo.

Krapf akaenda kukaa Mombasa. Mwezi wa Julai mwaka huo huo homa ilimchukua mkewe Rosine, na mtoto wao mchanga akafa pia. Wakazikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Krapf hakurudi kwao. Alikuwa amekwisha kuanza kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na katika kazi hiyo alisaidiwa na kadhi wa Mombasa.

Hebu tufikiri kidogo. Maneno imani, dhambi, toba, sala, baraka, hata neno lenyewe Injili, tumeyapata wapi? Yalitoka katika Kiarabu, yakakaa vinywani mwa Waswahili Waislamu kwa karne nyingi kabla ya misheni kuja. Tunapopiga magoti kanisani tunamwomba Mungu kwa maneno tuliyoyapokea kwa majirani.

Mwaka 1846 Johannes Rebmann alimfuata Krapf, na mwezi wa Agosti wakahamia Rabai. Watu wa huko walifuata desturi za kaya. Wazee wao waliwakubalia wageni kukaa, ingawa Krapf hakuwa na maneno laini juu ya desturi hizo, wala juu ya Uislamu. Mavuno yalikuwa haba. Aliyebatizwa kwanza, mwaka 1851, alikuwa Mringe, kilema aliyekuwa karibu kufa. Krapf aliondoka mwaka 1853. Rebmann alibaki mpaka mwaka 1875, macho yake yakiwa karibu kupofuka. Muda wote huo waliishi kwa ruhusa ya wenyeji wao.

Je, shukrani kwa mwenyeji maana yake ni kunyamazia uovu? Hasha. Baadaye Rabai iliongozwa na William Jones, Mwafrika aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Bara Hindi. Watumwa wa mabwana wa Pwani walimkimbilia, naye akawapokea. Mabwana walipowadai mwaka 1888, ilionekana kama vita vingezuka. Lakini watu walizungumza. Kampuni ya Waingereza iliwalipa mabwana fidia, na mwaka 1889 watumwa zaidi ya 1,400, waliokimbilia Rabai na vituo vingine vya misheni, walipata uhuru wao. Haki ilitendeka, na ujirani haukufa.

Ndugu zetu, mara nyingi sisi Wakristo tunaisimulia historia hii kana kwamba wamisionari walifika mahali patupu. Tunawataja wageni, tunawasahau waliowapokea. Kisha tunamsema vibaya jirani aliye Mwislamu, au mzee anayeheshimu kaya ya baba zake, nasi tunadhani hiyo ni bidii kwa ajili ya Injili. Eliya alipokula mkate wa yule mjane, hakumdharau. Mwanawe alipokufa, alimlilia Mungu kwa ajili yake.

Basi wiki hii tumtazame jirani yetu mmoja wa dini nyingine. Je, tumewahi kumwuliza habari za watoto wake? Akifiwa, tutakwenda?

Tuombe. Ee Bwana, uliyetupatia chakula kwa mikono ya wageni, utufundishe kushukuru, kusema kweli, na kuwapenda majirani zetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.