Kunyanyua gurudumu la mbele

Kunyanyua gurudumu la mbele ni mbinu ya kuendesha pikipiki kwa gurudumu la nyuma peke yake. Waendeshaji wa nje ya lami huitumia kuvuka magogo na mitaro.

Mwendeshaji, akiwa katika gia ya kwanza au ya pili, huongeza mafuta na kuachia klachi kwa haraka. Pikipiki ikiinuka kupita kiasi humwangusha chali. Kwa hiyo jambo la kwanza kujifunza si kuinua bali kushusha: mguu wa kulia hukaa juu ya breki ya nyuma, na kuikanyaga kidogo hurudisha gurudumu chini.

Katika fukwe za Bagamoyo, mchanga mkavu hufanya gurudumu la nyuma lizunguke bure na kuzama. Mchanga uliolowa, maji yanapokupwa, huwa mgumu zaidi.

Kwenye bodaboda, abiria au mzigo mzito nyuma huweza kuinua gurudumu la mbele bila kukusudia, hasa kwenye mwinuko. Likiwa juu, usukani na breki ya mbele havisaidii. Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza uendeshaji wa hatari barabarani.